Mbele ya kuuza makuta ya babu, fungua kwanza kitabu

Chini ya sanduku la nguo, kati ya vitenge vya zamani, kuna kikopo cha maziwa kilichofungwa kwa kitambaa. Familia nyingi za mashariki mwa Kongo zinakijua kikopo cha namna hiyo. Babu alipofariki, kilibaki. Ndani yake mna sarafu ambazo hakuna duka linalozipokea tena: moja ina tundu katikati, nyingine ina pembe sita na picha ya tembo, nyingine ina chui, nyingine ina uso wa Mobutu.

Halafu inafika siku ambayo feza za shule zinakosekana, ao mgonjwa amelazwa hospitali. Mtu anapita kwenye avenue akisema ananunua feza za zamani. Anazimwaga mezani, anazigeuza kwa kidole, anataja bei moja kwa zote. Familia inakubali, kwa sababu haina namna ya kukataa.

Kati ya hao wawili, mara nyingi ni mnunuzi peke yake anayejua kilichokuwa ndani ya kikopo. Si kwamba ana akili kuliko mwenye nyumba. Yeye amesoma. Ana kitabu nyumbani, ao ana katalogi ndani ya simu, na mwenye nyumba hana habari kwamba vitabu kama hivyo viko.

Wakusanyaji wa sarafu duniani kote wana shauri moja wanalomupa kila anayeanza: nunua kitabu mbele ya kununua sarafu. Kwa Mukongomani, shauri hilo lingefaa kugeuzwa kidogo: soma kitabu mbele ya kuuza sarafu.

Tembo wawili, bei mbili

Mfano rahisi ni tembo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na sarafu za Kongo hazingeweza kupigwa Bruxelles. Kwa hiyo mwaka wa 1943 zilipigwa Philadelphia, Marekani, sarafu za falanga 2 zenye pembe sita na picha ya tembo. Mwaka uliofuata, kiwanda cha Pretoria, Afrika Kusini, kilipiga sarafu ya falanga 50, nayo ikiwa na tembo.

Mtu asiyesoma anaona tembo wawili wa zamani. Anayefungua katalogi anaona kitu kingine. Sarafu ya 1943 ni ya shaba ya njano, na zilipigwa milioni 25. Ile ya 1944 ni ya feza, na zilipigwa milioni moja tu. Anayeuza zote mbili kwa bei ya chuma cha njano amepoteza.

Hapo ndipo kazi ya kitabu cha rejea inapoonekana. Hakimufanyi mtu kuwa tajiri, maana sarafu nyingi zilizo ndani ya vikopo ni za kawaida na bei yake ni ndogo. Lakini kinamuonyesha ni ipi ya kawaida na ipi si ya kawaida.

Katalogi inasomwaje

Kitabu kinachojulikana kuliko vyote katika kazi hii ni katalogi ya Wamarekani wawili, Chester Krause na Clifford Mishler. Ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1972, na ikaendelea kutolewa upya kwa miaka mingi, hadi ikagawanywa katika vitabu vinene kwa kila karne. Kutokana na majina yao, kila aina ya sarafu ilipewa namba inayoanza na herufi KM. Muuzaji wa Bruxelles, wa Dubai ao wa Johannesburg akiona namba hiyo, anajua sarafu inayozungumziwa bila kuiona.

Ndani ya katalogi, inchi zimepangwa kwa alfabeti. Chini ya Kongo mtu anakuta sarafu moja moja: thamani iliyoandikwa juu yake, madini, uzito, mwaka, idadi iliyopigwa, kisha bei kadiri ya hali yake. Mambo mawili yanawakosesha wanaoanza.

La kwanza ni majina ya hali ya sarafu. Vitabu vya Kifaransa vinatumia vifupisho TB, TTB, SUP na FDC. TB maana yake ni « très beau », na mtu anaweza kufikiri ni sarafu nzuri sana. Hapana. Katika lugha ya wakusanyaji, TB ni sarafu iliyotembea sana mikononi mwa watu na ambayo picha yake imelika. FDC ndiyo ile ambayo haijawahi kutumika. Kati ya hali hizo mbili, bei inaweza kuzidishwa mara nyingi.

La pili ni bei yenyewe. Bei ya katalogi ni makadirio ya kile ambacho mkusanyaji angelipa dukani. Si kile ambacho mnunuzi wa mtaani atatoa, kwa sababu naye anatafuta faida. Tena kitabu cha miaka 10 iliyopita kina bei za miaka 10 iliyopita. Uzito na mwaka haviharibiki kwenye ukurasa, bei inaharibika.

Kampuni iliyokuwa ikitoa katalogi hiyo, F+W, iliomba ufilisi mwaka wa 2019. Nakala za zamani bado zinauzwa, lakini ni nzito na kuzisafirisha hadi Kivu ao Ituri kunaweza kuwa ghali kupita sarafu zenyewe. Kwa mtu mwenye simu na mega kidogo, njia iliyo karibu ni Numista, katalogi ya bure kwenye intaneti, ambayo inasomeka hata kwa Kifaransa na inaonyesha picha za pande zote mbili za sarafu. Inajazwa na wakusanyaji wenyewe, kwa hiyo kosa linaweza kuingia. Dawa yake ni ile ya mwandishi wa habari: usiamini chanzo kimoja, linganisha viwili.

Vitabu vinavyoizungumzia Kongo yenyewe

Katalogi ya dunia nzima inasema kidogo juu ya kila inchi. Anayetaka kujua ya Kongo kwa undani anahitaji vitabu vingine, na hivyo vilitoka zaidi Ubelgiji.

Mojawapo ni kazi ya A. Mahieu, yenye jina « Numismatique du Congo, 1485-1924 ». Ukiangalia miaka hiyo unaelewa kwamba haianzi na Wabeleji. Inaanza na wakati Wareno walipofika kwenye ufalme wa Kongo, na inazungumzia vitu ambavyo watu walitumia kununua na kuuza mbele ya sarafu kuingia. Nyingine ni ya Charles Dupriez, iliyotoka mwaka wa 1949, juu ya sarafu za Ubelgiji na za Kongo ya Wabeleji. Dupriez aliorodhesha hata sarafu za majaribio, zile ambazo kiwanda kilizipiga ili wakubwa wachague mfano. Mara nyingi zina neno ESSAI. Mtu asiyejua anaweza kuona neno hilo akafikiri sarafu yake ni ya uongo, wakati huenda ni ile inayotafutwa zaidi.

Vitabu kama hivyo vinaeleza mambo ambayo jicho peke yake haliyaoni. Dekreti ya mwaka wa 1887 ndiyo iliyoanzisha falanga katika État Indépendant du Congo, dola ya Leopold wa Pili. Senti za shaba zilipewa tundu katikati. Zile za feza, kuanzia nusu falanga hadi falanga 5, zilipewa kichwa cha mfalme na maneno « Travail et Progrès ». Maneno hayo ya kazi na maendeleo yaliandikwa juu ya feza wakati wakaaji wa misitu walikuwa wanalazimishwa kuleta mpira bila malipo ya haki. Sarafu ni ndogo, lakini aliyeisoma vizuri hawezi kuigeuza tena bila kukumbuka hilo.

Kuna pia mtego wa lugha. Miaka ya 1920, wakati wa mfalme Albert, sarafu moja ilipigwa kwa namna mbili: nyingine zimeandikwa CONGO BELGE kwa Kifaransa, nyingine BELGISCH CONGO kwa Kiholanzi. Thamani ni ile ile na mchikichi ni ule ule, lakini kwa mkusanyaji ni sarafu mbili tofauti, na kila mwaka una idadi yake. Kuzichanganya ni kosa la kila anayeanza.

Kwa sarafu ya falanga 5 ya Leopold, kitabu kinatoa pia kinga. Kinasema inapaswa kuwa na uzito wa gramu 25 na upana wa milimita 37. Mizani ndogo ya wauza dhahabu inatosha kwa kupima. Ikionyesha gramu 20, ao sumaku ikiivuta, hakuna haja ya kubishana zaidi: si feza ile.

Dhahabu ya Tabora

Historia ya mashariki imo ndani ya vitabu vya Wajerumani pia. Mwaka wa 1916, koloni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imezungukwa na maadui, na meli za kuleta feza hazikuweza kupita. Wajerumani wakaanzisha upigaji wa sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heller za shaba, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000.

Septemba 1916, Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabeleji chini ya Jenerali Tombeur, liliingia Tabora. Maaskari wake walikuwa vijana wa Kongo, na nyuma yao walitembea wapagazi wengi waliobeba risasi na chakula kutoka Kivu na sehemu zingine. Kwa hiyo sarafu za Tabora si habari ya Tanzania peke yake. Ni sehemu ya vita ambayo mababu wa Wakongomani waliipigana na ambayo watoto wanaisoma kwa mistari michache tu.

Katalogi ya Kurt Jaeger juu ya sarafu za Ujerumani tangu 1871 inafuatilia sarafu hizo kwa makini. Rupia 15 iko ya namna mbili, na tofauti ni urembo mmoja wa pembeni: kwenye nyingine unaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, kwenye nyingine chini ya A. Heller 20 nazo zinatofautiana kwa ukubwa wa taji. Bila kioo cha kukuza na bila ukurasa wenye picha, hakuna anayeweza kuona hayo. Na kwa kuwa ni dhahabu, na ni chache, nakala za uongo ni nyingi. Mtu akiletewa rupia ya Tabora sokoni kwa bei ya kutupa, jambo la kwanza ni kuwa na shaka.

Msalaba usio na katalogi

Kuna feza moja ya Kongo ambayo katalogi za kawaida haziitoshi: msalaba wa shaba wa Katanga. Hapa anayetaka kujua anapaswa kuacha vitabu vya bei na kwenda kwa wachimbuzi wa mambo ya kale.

Katika makaburi ya bonde la Upemba, kama yale ya Sanga kwenye ziwa Kisale, misalaba hiyo ilikutwa pamoja na mifupa ya wafu. Mchimbuzi Pierre de Maret alitoa mwaka wa 1981 uchunguzi juu ya historia ya feza katikati ya Shaba, jina la Katanga wakati ule, kati ya karne ya 7 na ya 18. Alionyesha jinsi misalaba ilivyobadilika: zamani ilikuwa mikubwa na michache, baadaye ikawa midogo, inayofanana na inayohesabika. Kitu cha heshima kilikuwa kinageuka kuwa feza ya kununulia. Hayo yalitokea karne nyingi mbele ya Muzungu wa kwanza kuleta falanga.

Lakini uchunguzi huo uliwezekana kwa sababu misalaba ilikutwa mahali pake, karibu na mkono ao kiuno cha marehemu, na mtu akaandika ilikuwa wapi. Msalaba uliofukuliwa usiku na kuuzwa njiani umepoteza maneno yake. Unabaki kipande cha shaba. Ndiyo sababu hapa shauri si « usiuze kwa bei ndogo », ni « usifukue ». Tena Kongo ina sheria ya 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, na anayeuza vitu vya makaburi anajiweka katika hatari.

Katanga yenyewe iliirudisha alama hiyo. Mwaka wa 1961, wakati wa kujitenga, serikali ya Moïse Tshombe ilitoa sarafu za falanga 1 na 5: upande mmoja ndizi, upande mwingine msalaba. Falanga 5 ilipigwa hata kwa dhahabu. Leo sarafu hizo za dola isiyotambuliwa na inchi yoyote zinauzwa kwenye minada ya mbali.

Kutoka makuta hadi noti tupu

Maneno tunayotumia kila siku yanabeba historia hii. « Feza » ni jina la madini. « Falanga » imetoka kwa franc. Na « makuta », ambayo leo inamaanisha feza yoyote, ni neno la zamani: Wareno walitoa sarafu za macuta Angola tangu karne ya 18. Tarehe 24 Juni 1967, Mobutu alipoanzisha zaïre, moja iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Sengi 10 ndiyo ile yenye chui, makuta 5 ndiyo ile yenye uso wa raisi.

Namna feza hiyo ilivyokufa imeandikwa pia, na mwandishi mmoja ni mtoto wa mashariki. Mwaka wa 1999, François Kabuya Kalala pamoja na Matata Ponyo Mapon, mzaliwa wa Kindu ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, walitoa kitabu juu ya Kasaï. Oktoba 1993 zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre milioni 3 za zamani, na wakaaji wa Kasaï wakaikataa, wakaendelea kutumia noti za zamani. Kitabu hicho hakitaji bei ya wakusanyaji hata moja. Lakini anayekisoma anaelewa kwa nini noti fulani zilichakaa kabisa Mbuji-Mayi wakati kwingine zilikuwa zimeshatupwa.

Tangu falanga ya sasa ilipoanza, tarehe 30 Juni 1998, hata senti zilitolewa kwa karatasi. Kijana wa Goma mwenye miaka 25 hajawahi kulipa kwa sarafu ya inchi yake. Kwenye intaneti ataona sarafu nyingi zilizoandikwa République Démocratique du Congo, zenye picha za wanyama, meli na mapapa. Katalogi itamuambia ukweli: zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, na hazikutembea sokoni Kongo.

Kuanza bila feza nyingi

Anayetaka kuanza hahitaji kununua maktaba. Anahitaji daftari, rula, mizani ya kukopa na kioo cha kukuza. Kwa kila sarafu aandike mwaka, maneno yote yaliyoko, upana, uzito, na nani alikuwa nayo. Asiisugue kwa mchanga, ndimu wala majivu: sarafu iliyong'arishwa inapoteza bei, na kosa hilo halirudi nyuma. Kisha atafute namba yake kwenye katalogi, na alinganishe mbele ya kukubali bei yoyote.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ana milango ya bure. Jarida la wataalamu wa Ubelgiji, « Revue belge de numismatique », liko tangu 1842 na matoleo yake ya zamani yanasomeka kwenye intaneti. Newman Numismatic Portal, ya chuo kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, imeweka wazi maelfu ya vitabu na katalogi za minada.

Vitabu hivyo vyote ni vya Kifaransa, Kiingereza ao Kijerumani. Vinasema sarafu ilipigwa wapi, kwa madini gani, ngapi. Havisemi makuta 5 yalinunua nini Bukavu mwaka wa 1968, mkate ngapi, chumvi kiasi gani, ao mama wa sokoni aliyafungaje kwenye kitambaa. Anayejua hayo ni yule mzee aliyekuwa kijana wakati ule, na leo ana miaka zaidi ya 70.

Kwa hiyo kikopo kinapofunguliwa, kuna kazi mbili za kufanya mbele ya kumuita mnunuzi. Ya kwanza ni kutafuta namba kwenye katalogi. Ya pili ni kumuwekea mzee sarafu mkononi, kumuuliza alinunua nini nayo, na kuandika jibu lake. Namba itakuwa pale hata mwaka ujao.